Nimeajiriwa na ninauza viatu mtandaoni: pesa hizi naziandika wapi kwenye ritani ya KRA?

Swali: Nimeajiriwa Thika, mshahara wangu ni Sh45,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kila Juni nafaili ritani kwa kutumia P9, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa. Tangu Februari 2024 nauza viatu vya mtumba kupitia Instagram, WhatsApp na Jumia. Mwaka wa 2025 niliuza kama Sh640,000 kwa jumla. Mwaka huu wa 2026 naona kila mwezi utapita Sh110,000. Pesa hizi sijawahi kuziandika popote. Rafiki yangu, naye anauza nguo mtandaoni ila hana ajira, anasema chini ya milioni moja hakuna ushuru. Je, ni kweli? Na nianzie wapi?

Jibu: Rafiki yako amesoma nusu ya sheria. Milioni moja ni mpaka wa kuingia kwenye ushuru wa mauzo, ule tunaouita TOT. Mauzo ya mwaka yakizidi Sh1,000,000 na yasipite Sh25,000,000, sheria inakuweka kwenye TOT. Yakiwa chini ya milioni moja, unabaki kwenye ushuru wa mapato wa kawaida: faida ya biashara inajumlishwa na mshahara wako, na jumla hiyo ndiyo inayotozwa ushuru. Kuuza kwa Instagram hakubadilishi lolote katika hili. KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) haiangalii ulipouzia, inaangalia kama unanunua ili uuze kwa faida. (Ukiuza kochi lako kuukuu kwenye Facebook kwa sababu unahama nyumba, hiyo si biashara.)

Kwa hiyo una miaka mitatu yenye majibu matatu: 2025 ni ritani ya kawaida ya mwaka, 2026 ni TOT ya kila mwezi, na 2024 ni ritani ya kurekebishwa. Nitaanza na 2025 kwa kuwa hapo bado hujachelewa.

Mwaka wa 2025: faida juu ya mshahara

Kinachotozwa ushuru si Sh640,000 bali faida. Ili kuipata unahitaji kitu ambacho wauzaji wengi wa mtandaoni hawana: hesabu ya mzigo uliokuwa nao mwanzo na mwisho wa mwaka. Tuseme 1 Januari 2025 ulikuwa na viatu vya Sh40,000 kwa bei ya kununulia, ukanunua vingine vya Sh455,000 katika mwaka, na 31 Desemba ukabaki na vya Sh55,000. Gharama ya viatu ulivyouza ni 40,000 + 455,000 – 55,000, yaani Sh440,000. Faida ghafi ni Sh200,000. Wengi huondoa manunuzi yote bila kurudisha mzigo uliobaki, na hapo tayari ritani ina kosa.

Kutoka kwenye hizo Sh200,000 unaondoa gharama za biashara. Tuchukue matangazo ya Instagram Sh24,000, usafirishaji kwa wateja Sh31,000, mifuko na maboksi Sh9,000, ada za till (nambari ya M-Pesa ya kupokea malipo ya biashara) na benki Sh4,000, na sehemu ya bando na simu inayohusu biashara Sh12,000. Jumla Sh80,000. Faida halisi ni Sh120,000.

Sasa ushuru wenyewe. Kwa mwaka, Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na kuanzia Sh388,000 hadi Sh6,000,000 ni asilimia 30. Mshahara wako wa Sh540,000 umeshavuka vidaraja viwili vya kwanza, na nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 (kiasi ambacho kila mtu hupunguziwa ushuru kwa mwaka) umeshapewa na mwajiri kupitia PAYE, ule ushuru anaoukata kwenye mshahara. Kila shilingi ya faida basi inaangukia kwenye asilimia 30. Sh120,000 mara asilimia 30 ni Sh36,000. Hizo ndizo unazodaiwa kwa mfano huu.

Tarehe za kuangalia ni mbili, na watu huijua moja tu. Ritani ya 2025 inafailiwa hadi 30 Juni 2026, lakini ushuru uliobaki unalipwa kufikia 30 Aprili 2026. Ukifaili na kulipa siku moja mwezi Juni, ritani itakuwa imefika kwa wakati ila malipo yamechelewa, na utaongezewa asilimia 5 ya ushuru pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Vilevile deni la mwaka likizidi Sh40,000, sheria inataka ulipe kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Sh36,000 ziko chini ya mpaka huo, kwa hiyo unalipa mara moja.

Risiti za Gikomba

Hapa ndipo panapouma zaidi. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) haikubaliki kuondolewa kwenye mapato. Mama anayekuuzia viatu Gikomba, soko la mtumba la Nairobi, akikupa karatasi ya daftari, au asikupe kitu, KRA inaweza kuikataa gharama hiyo hata kama pesa ilitoka kweli na M-Pesa inaonyesha. Tazama inavyofanya kazi kwenye mfano wetu: kati ya manunuzi ya Sh455,000, una ankara za Sh255,000 tu. Sh200,000 zinaondolewa kwenye gharama, faida inayotozwa inapanda hadi Sh320,000, na ushuru unakuwa Sh96,000 badala ya Sh36,000. Faida mkononi mwako ni ile ile Sh120,000.

KRA ilitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2026 inalinganisha mapato na gharama za kwenye ritani na data iliyo nayo ya eTIMS, ushuru wa zuio (ule anaoukata mlipaji kabla ya kukupa pesa) na forodha. Usitegemee tena kwamba hakuna atakayeangalia.

Kwa manunuzi ya mbele kuna njia. Muuzaji mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki Sh5,000,000 anaweza kuandikiwa ankara na mnunuzi. Wewe ndiye unayeiandaa kwenye eTIMS ukiweka PIN yake ya KRA, naye anaikubali kwenye simu yake. Inahitaji muuzaji awe na PIN na awe tayari kubonyeza. Wengine watakataa. Ningekushauri uhamishie manunuzi makubwa, hasa ya beli nzima, kwa wauzaji wanaotoa ankara au wanaokubali kuandikiwa, hata wakiwa ghali kidogo. Kwa mtu wa daraja lako, kiatu cha Sh1,000 kisicho na ankara kinakugharimu Sh300 zaidi kwenye ushuru. Ukipewa bei nafuu kwa Sh100 kwa sababu hakuna risiti, umepoteza Sh200.

Baadhi ya gharama hazihitaji ankara ya eTIMS: ada zinazotozwa na benki, riba, mishahara, na huduma za kampuni ya nje isiyo na ofisi Kenya. Hizo weka risiti na taarifa za akaunti. Kumbukumbu zote zinatunzwa miaka 5.

Kujaza ritani yenyewe

Sababu ya pesa hizi kutoonekana miaka yote ni fomu uliyokuwa ukiitumia. Fomu fupi ya waajiriwa kwenye iTax (tovuti ya KRA ya kufailia), ile inayojazwa mtandaoni moja kwa moja, haina mahali pa biashara hata kidogo. Safari hii pakua fomu kamili ya mkazi, ya Excel. Inahitaji kompyuta, na makro za Excel ziwe zimeruhusiwa, la sivyo kitufe cha kuhakiki hakitafanya kazi na utadhani fomu imeharibika.

Kwenye ukurasa wa kwanza kuna swali la kama una mapato ya biashara. Jibu ndiyo, ndipo kurasa za faida na hasara, mizania (mali na madeni ya biashara) na mzigo zitakapofunguka. Mauzo yaandike ghafi, kisha manunuzi, kisha gharama kila moja kwenye mstari wake. Mzigo wa mwisho wa mwaka uliouandika kwenye faida na hasara lazima uwe uleule kwenye mizania. Mshahara unaingia sehemu ya F na PAYE iliyokatwa sehemu ya M, kwa takwimu za P9 bila kukadiria. Ukisahau sehemu ya M, fomu itakudai ushuru wa mshahara wote upya. Sehemu ya mwisho, T, ndiyo inayokuonyesha deni: likipishana sana na hesabu uliyofanya kwenye karatasi, usipakie fomu kabla ya kujua kwa nini.

Malipo: kwenye iTax tengeneza hati ya malipo, upate nambari inayoitwa PRN. Kwenye M-Pesa nenda paybill 222222, nambari ya akaunti ni hiyo PRN. Unapotengeneza hati, chagua mwaka 2025. Malipo yakiingia kwenye mwaka usio wake, leja yako itaonyesha deni upande mmoja na ziada upande mwingine, na kuyahamisha kunachukua muda.

Mwaka wa 2026: TOT, au uikatae

Kwa Sh110,000 kwa mwezi utafika Sh1,320,000 kwa mwaka. Sheria haisubiri uvuke milioni. Inatosha kwamba unatarajia kuvuka. TOT ni asilimia 3 ya mauzo ghafi tangu Julai 2023 (kabla ya hapo ilikuwa asilimia 1), na hakuna gharama inayoondolewa. Ukiuza Sh118,400 Januari, unafaili na kulipa Sh3,552 kufikia 20 Februari. Ni ushuru wa mwisho kwa mapato hayo, kwa hiyo kwenye ritani ya mwaka utaweka mshahara, na mauzo ya viatu hutayarudia kama faida ya biashara.

Je, inakufaa? Hesabu ni fupi. Uko kwenye daraja la asilimia 30, na 3 ni sehemu ya kumi ya 30. Basi faida yako halisi ikizidi asilimia 10 ya mauzo, TOT ni nafuu; ikiwa chini ya asilimia 10, ushuru wa kawaida ni nafuu. Mwaka wa 2025 ulipata Sh120,000 kwenye mauzo ya Sh640,000, karibu asilimia 19. Kwa kiwango hicho mauzo ya Sh1,320,000 yangekuletea faida ya Sh247,500 na ushuru wa kawaida wa Sh74,250. TOT ni Sh39,600. Tena TOT inakuondolea lile tatizo la ankara za Gikomba, maana gharama hazihesabiwi. Kwako wewe, baki kwenye TOT.

Kwa rafiki yako, ikiwa naye amepita milioni, jibu ni kinyume, na hapa ndipo ushauri mwingi unaozunguka WhatsApp unapopotosha. Mtu asiye na mshahara mwenye faida hiyo hiyo ya Sh247,500 angetozwa asilimia 10, yaani Sh24,750, na nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 ingeifuta yote. Halipi kitu. Kwenye TOT angelipa Sh39,600. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hataki TOT na abaki kwenye ushuru wa kawaida. Lakini asiandike barua hiyo kabla ya kuwa na ankara za manunuzi yake, kwa sababu bila hizo faida yake kwenye macho ya KRA ni kubwa kuliko iliyo mfukoni. Na kama bado yuko chini ya milioni, bado anatakiwa kufaili ritani yenye mauzo na faida yake, hata ushuru ukitoka sufuri.

Kujisajili: ingia iTax, nenda "Amend PIN Details", onyesha kwamba una mapato ya biashara, kisha uongeze TOT kwenye wajibu wako. Angalia vizuri unachoweka alama. Kila mwaka kuna watu wanaoweka alama ya VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) kwa bahati mbaya, halafu wanafuatwa na faini ya Sh10,000 kwa kila mwezi ambao hawakufaili. VAT inakuhusu mauzo yakifika Sh5,000,000 kwa miezi 12, na hapo unajisajili ndani ya siku 30. Ukishasajiliwa TOT, mwezi usio na mauzo nao unafailiwa kwa sufuri. Kuchelewa kufaili ni Sh1,000 kwa kila mwezi. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 pamoja na riba ileile ya asilimia 1.

Mauzo ni yapi hasa?

Till yako si jibu kamili. Jumia ikiuza kiatu chako kwa Sh2,500, ikakata kamisheni na ada za Sh375, benki itakuonyesha Sh2,125. Mauzo ni Sh2,500, na TOT yake ni Sh75. Anayehesabu kilichoingia benki anapunguza mauzo yake bila kujua, na siku KRA itakapoomba taarifa kutoka kwa jukwaa, tofauti itaonekana wazi. Pakua taarifa ya mauzo ya kila mwezi kutoka akaunti yako ya muuzaji, si ya malipo tu. Ukiona jukwaa limekukata ushuru wa zuio, hakikisha cheti chake kimetokea kwenye iTax chini ya PIN yako.

Pesa taslimu anayopokea mtu wa boda na kukuletea ni mauzo pia. Na nauli ya boda? Mteja akimlipa mwenyewe, haikuhusu. Ukimtoza Sh2,800 "pamoja na delivery", zote Sh2,800 zimeingia kama mauzo yako, na kwenye TOT huwezi kutoa zile Sh300 ulizompa mwenye boda. Waache walipane wenyewe mlangoni.

Tenga nambari. Ukipokea malipo ya viatu kwenye simu ile ile unayopokea michango ya chama na pesa za nyumbani, siku ya maswali utalazimika kueleza kila muamala mmoja mmoja. Till ipokee biashara tu.

Kila uuzaji utolewe ankara ya eTIMS, hata kama mteja hana PIN. Kwa biashara ya ukubwa wako, eTIMS Lite kupitia *222# au eCitizen inatosha, huhitaji kununua mashine. Tarehe ya ankara ndiyo iamue mwezi: aliyelipa 31 Januari na kupewa ankara siku hiyo ni wa Januari, hata kiatu kikimfikia Februari. Mteja akirudisha kiatu kisichomtosha, usimrudishie pesa tu. Toa hati ya kufuta mauzo ndani ya eTIMS inayorejelea ankara ya kwanza, la sivyo mfumo utaendelea kuhesabu kwamba uliuza, na jumla ya eTIMS itakuwa kubwa kuliko uliyofaili.

Na 2024?

Ulifaili ritani ya 2024 ukaacha biashara nje, kwa hiyo hukuchelewa kufaili. Uliweka taarifa pungufu. Dawa yake ni "File Amended Return" ndani ya iTax, kwa fomu kamili, na mwaka huo bado uko ndani ya miaka 5 inayoruhusiwa. Usiutegemee msamaha wa faini uliokuwa ukitangazwa: ulikwisha 30 Juni 2025, na hata hivyo ulihusu madeni ya hadi 31 Desemba 2023.

Tuseme faida ya miezi hiyo ya 2024 ilikuwa Sh50,000. Ushuru ni Sh15,000. Ulipaswa kulipwa kufikia 30 Aprili 2025, kwa hiyo ukilipa Februari 2026 unaongeza asilimia 5, Sh750, na riba ya miezi kumi kuanzia Mei, Sh1,500. Jumla Sh17,250. Riba haizai riba, lakini kila mwezi unaopita ni Sh150 nyingine. Mzigo wa 31 Desemba 2024 utakaouandika humo ndio huo huo utakaoanza nao ritani ya 2025, kwa hiyo irekebishe ya 2024 kwanza kabla ya kufaili ya 2025.

Kama pesa zote hazipatikani kwa mara moja, faili ritani hata hivyo, kisha uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo ndani ya iTax. Pendekeza kiasi utakachokiweza kila mwezi. Ukikosa awamu, KRA inaweza kukudai salio lote.